Usizime

Saa tano usiku, Mwananyamala, chumba cha nyuma ya saluni.
Kamera nimeilaza juu ya khanga,
swali lake liko palepale tangu magharibi:
toleo la zamani litoke, jipya liingie?
Ndiyo. Hapana.
Na chini, kwa herufi za kumtisha mtoto:
usizime mpaka kazi iishe.

Usizime! Kwani huwa nazima mimi?
Kompyuta yangu betri ilishakufa, inaishi kwa waya,
na waya unaishi kwa hisani ya nguzo ile ya kwa Ndauka
ambayo manyunyu tu yakiigusa
mtaa mzima unasema "aaah" kwa pumzi moja.
Ya Gervas ilikatikia katikati, asilimia sitini na mbili.
Siku hizi anaiwekea mlango usijifunge.

Halafu betri zenyewe, mbili, za Kariakoo,
hazina cheti cha kuzaliwa.
Mwinshehe aliyeniuzia kaninong'oneza
kwamba toleo jipya linakagua vitambulisho,
likikuta betri ya mtaani linaigomea getini.
Elfu thelathini mara mbili. Sijamaliza hata kuzilipa.

Lakini wanasema linaona jicho gizani.

Ndipo ninaposhindwa kulala.
Sendofu ya Tabata, mwezi wa sita, ukumbi wa taa za buluu:
Mama Anyisile alisimama kumfunga bintiye khanga,
na kile kimraba cha kijani kikamtafuta,
kikampita usoni kama hakuna mtu,
kikaenda kutua kwenye keki.
Ua la sukari moja moja unalihesabu.
Mama ni ukungu wenye kilemba.
Jumatatu alikuja kuchukua albamu,
akafunua taratibu mpaka ukurasa ule.
Hakugomba.
"Keki imetoka vizuri," akasema,
akanimalizia hela yangu yote.

*Kipya kinyemi, wasema, hata kikiwa kidonda,*
*Na zimwi nililosoma, halinili nikakonda;*
*Kidole chaenda nyuma, mara mbele chajipinda,*
*LUKU nayo inahema, uniti mbili zaenda.*

Zinaitwa kamera zisizo na kioo.
Bibi aliposikia aliuliza,
"Sasa itajuaje kama imechafuka?"
Nilicheka sana siku ile.

Jumamosi kuna harusi Mbagala. Tumpale, mdogo wake Anyisile.
Mama ni yuleyule, na kanipigia mwenyewe.
Sikuthubutu kuuliza kwa nini mimi.

Nikazima taa ya chumba.
Nikaingia saluni gizani, nikaketi kwenye kiti cha kusukia,
nikajielekezea lenzi kwenye kioo kikubwa cha ukutani.
Kimraba kikazunguka, kikahangaika,
kikachagua chupa ya shampuu.
"Mimi nipo hapa," nikakiambia, kama mwehu.
Nikahamisha swichi, kazi ikarudi mkononi.
Nikazungusha ringi kidogo, nikapita, nikarudi unywele mmoja,
na jicho langu likaja lenyewe,
jekundu, limechoka, lakini jicho.
Nikarudia. Nikarudia nikisimama, nikiinama,
nikirudi nyuma mpaka nikagonga draya.
Mara ya kumi na tisa sikuwa tena na haja ya kufikiri.

Nikabonyeza Hapana.
Haikukasirika. Iliandika kwamba itanikumbusha.
Nikumbushe. Jumapili, umeme ukiwepo na tukiwa hai, tutazungumza,
maana siyo kwamba nimekukataa,
na hizi betri za Mwinshehe hazitanifunga kamba milele.

Ila Jumamosi, hapana.
Mama Anyisile ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto,
refu kama punje ya mchele.
Nililiona siku ya albamu, alipoinama kuhesabu hela.
Hilo ndilo nitakalolitafuta.